Akiba Iliyomo Mshipani

Mbwa hulazwa ubavu, mdomo wake wa juu ukapinduliwa hadi ile nyama ya ndani, laini na yenye unyevu, ikawa nje. Ukanda wa shashi hufungwa kuzunguka taya ili mdomo usirudi mahali pake. Kifaa kidogo cha plastiki, ukubwa wake kama kiberiti, huwekwa juu ya nyama hiyo na kubonyezwa. Visu viwili vyembamba huchomoka na kurudi kabla mnyama hajajua kumetokea nini. Zinabaki chale mbili fupi, sambamba, na saa inaanza kuhesabu. Mpimaji ana kipande cha karatasi ya kuchujia. Kila baada ya sekunde chache huinyonyesha karatasi ile damu inayoteremka, pembeni, bila kukigusa kidonda chenyewe. Akikigusa atang'oa kigaga kinachoanza kushika, na hesabu yote itaharibika.

Mbwa mwenye afya huacha kutoka damu kabla ya dakika 4 kutimia. Doberman mwenye ugonjwa wa von Willebrand anaweza kupita dakika 10, karatasi ikizungushwa na kupata doa jingine, na jingine, mpaka ukingo wake wote uwe umejaa madoa mekundu.

Mimi si daktari wa mifugo. Ni mtu ninayependa kusoma habari za dawa na wanyama, na kipimo hiki cha mdomo kilinikaa moyoni tangu nilipokutana nacho mara ya kwanza. Ni cha kizamani, kinategemea mkono na jicho, na watu wawili wakimpima mbwa mmoja wanaweza kupata majibu tofauti. Lakini kinauliza swali ambalo hakuna mashine ya maabara inayoliuliza moja kwa moja: mbwa huyu akikatwa, atanyamaza lini?

Kinachokosekana katika damu ya Doberman huyo ni protini moja, ndefu kupita kiasi. Damu inapopita kwenye mshipa mwembamba huenda mbio, na chembe sahani, zile chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba tundu, haziwezi kujishika penye mkondo mkali kama huo. Zinahitaji kamba. Protini ya von Willebrand ndiyo kamba yenyewe. Wakati wa salama huelea imejikunja kama uzi uliozongwa. Mshipa ukichanika, hunasa kwenye ukingo wa jeraha, mkondo unaivuta mpaka inanyooka, na chembe sahani zinaanza kukwama juu yake moja moja kama samaki kwenye jarife. Kazi yake ya pili ni kukibeba kigandishi namba 8, ambacho kikitembea peke yake humalizika upesi. Kwa mbwa wengi wenye ugonjwa huu, kigandishi hicho hubaki cha kutosha. Taabu yao iko kwenye kamba.

Jina la ugonjwa linatoka Finland. Erik von Willebrand, tabibu wa Helsinki, aliletewa mwaka 1924 msichana wa miaka 5 kutoka visiwa vya Åland, mtoto wa ukoo ambao damu ilikuwa imekwisha kuua wadogo kadhaa. Mwaka 1926 aliandika habari za ukoo huo kwa Kiswidi, lugha ya visiwa vile. Msichana mwenyewe hakufika utu uzima. Alikufa kwa kutoka damu ya mwezi, hedhi zake zikiwa bado za kuhesabika. Mwaka 1970 ugonjwa huohuo ukaelezwa kwa mbwa, German Shepherd, na tangu hapo umeonekana kwa mbwa wa mbegu nyingi. Ndio ugonjwa wa kurithi wa damu ulio wa kawaida kuliko yote kwao.

Na dawa yake mojawapo, kwa wale inaowafaa, ni homoni ya mkojo.

Si homoni yenyewe hasa, ni mwigo wake. Mwili wa mbwa na wa mtu hutengeneza ndani ya ubongo homoni iitwayo vasopresini, ambayo huziambia figo zirudishe maji badala ya kuyamwaga. Mengi tunayoyajua kuhusu kazi hiyo tulifundishwa na mbwa: Ernest Verney wa Cambridge, katika makala yake ya mwaka 1947, alieleza jinsi mbwa wake walivyopunguza mkojo kila alipotia maji ya chumvi kwenye mshipa unaopanda kichwani. Vincent du Vigneaud akaitengeneza vasopresini maabara, na mwaka 1955 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya homoni za jamii hiyo. Kisha wanakemia wa Prague, katika miaka ya 1960, wakaifanyia marekebisho mawili madogo. Homoni ile ni mkufu wa shanga 9. Ushanga wa kwanza waliupunguza kipande, wa nane wakaugeuza uwe kama sura yake inavyoonekana kwenye kioo. Kikapatikana kitu kinachodumu muda mrefu zaidi mwilini na kisichopandisha shinikizo la damu. Wakakiita desmopresini, na wagonjwa waliokuwa wakikojoa ndoo kwa ndoo na kunywa ndoo kwa ndoo wakapata nafuu.

Mwaka 1977 Pier Mannuccio Mannucci na wenzake wa Milan wakatangaza kwamba dawa hiyohiyo, ikitiwa mshipani, hupandisha kigandishi namba 8 na protini ya von Willebrand, kiasi kwamba wagonjwa wenye hali nyepesi waliweza kung'olewa meno na kupasuliwa bila kutiwa damu ya mtu mwingine. Jambo hilo lilikuwa na uzito ambao wakati huo hakuna aliyeujua. Miaka michache baadaye ikafahamika kwamba dawa za kugandisha zilizotengenezwa kwa plazima ya maelfu ya wachangiaji zilikuwa zimebeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Aliyeponea kwenye desmopresini alikuwa ameponea kwenye damu yake mwenyewe.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini homoni ya maji iwe na mkono kwenye kuganda kwa damu. Ukimfikiria mnyama aliyejeruhiwa porini, ajabu inapungua. Damu inamtoka; mwili unahitaji kushika kila tone la maji lililobaki, na papo hapo unahitaji kuziba. Kwamba ujumbe mmoja ubishe hodi milango miwili, hilo naliona ni busara ya zamani sana.

Mlango wa pili uko wapi? Ukuta wa ndani wa mishipa ya damu umetandikwa seli nyembamba kama vigae. Mwaka 1964 Ewald Weibel na George Palade, wakichungulia kwa hadubini ya elektroni, waliona ndani ya seli hizo vijiti vidogo ambavyo hawakujua kazi yake. Ni vibohari. Protini ya von Willebrand imepangwa humo, imeviringishwa, na ile iliyo ndefu kuliko zote, iliyo bora kwa kunasa, ndiyo iliyomo kwa wingi. Desmopresini inapogusa kipokezi chake, vibohari hivyo husogea ukingoni mwa seli na kumwaga vilivyomo ndani ya damu. Dawa haijatengeneza chochote. Haikuongeza hata punje. Imefungua tu.

Bibi yangu, kila alipopima mchele wa chakula cha usiku, alirudisha konzi moja kwenye mtungi. Hata siku ambayo kibaba kilikuwa hakitoshi watu waliokuwepo, konzi ile ilirudi. Sisi watoto tuliona ni uchoyo wa kizee. Kisha ukaja mwezi ambao mtungi ndio uliotulisha, na hakuna aliyesema neno, yeye wala sisi. Nilipozisoma habari za vibohari vya mshipani nilimkumbuka mara moja. Mwili nao hurudisha konzi kila siku bila kuambiwa. Akiba haiozi, tunasema, na tunasema kwa wepesi kwa sababu tunafikiria ya aliyekuwa na cha kuweka.

Hapa ndipo mbwa anapoachana na binadamu. Kwa mtu mwenye afya, au mwenye ugonjwa mwepesi, desmopresini huweza kupandisha protini hiyo mara 2 hadi mara 5 ndani ya saa moja. Kwa mbwa, ongezeko ni dogo. Daktari humpa mikrogramu 1 kwa kila kilo ya uzito, chini ya ngozi, nusu saa hivi kabla ya kisu. Nguvu yake hudumu saa chache, 4 hivi, kisha hupoa. Ukichukua damu ya Doberman mgonjwa kabla na baada ya sindano, namba inasogea kidogo, na pengine kwa yule aliyekuwa na kidogo mno inasogea kiasi cha kukukatisha tamaa. Juu ya hayo, chembe sahani za mbwa hazibebi protini hii kwa kiasi cha maana kama za binadamu zinavyobeba. Pale mtu ana pochi ya pili mfukoni, mbwa hana.

Lakini rudi kwenye mdomo uliopinduliwa. Kwa wengi wa Doberman hao, ukipima tena baada ya sindano, muda wa kutoka damu unafupika, na unafupika kuliko namba ya maabara ingekuruhusu kutegemea. Wataalamu wamebishana kwa nini. Wengine husema kinachotoka, hata kikiwa kichache, ni kile kirefu chenye nguvu. Wengine hudhani dawa inafanya jambo jingine kwenye ukuta wa mshipa au kwenye chembe sahani zenyewe, jambo ambalo kipimo cha protini hakilioni. Mimi sina cha kuongeza kwenye mabishano hayo, ila napenda yalivyo. Karatasi ya maabara inasema kidogo, kidonda kinasema zaidi, na daktari mwenye adabu hamnyamazishi shahidi yeyote kati ya hao wawili.

Adabu hiyo ina sura yake chumbani. Mwenye mbwa amesimama, kamba ya mbwa imezungushwa mkononi mara tatu. Anataka kusikia kwamba sindano itamaliza tatizo. Anachoambiwa, kama amebahatika kupata daktari mkweli, ni kwamba sindano itajaribiwa, muda wa mdomo utapimwa tena, na plazima iliyoyeyushwa itakuwa tayari mezani kwa sababu huenda sindano isitoshe. Hiyo si habari tamu. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza kama hiyo, kwa ajili ya mtu na si mbwa, nikaahidiwa zaidi ya kilichokuwepo, na hadi leo sijui kama nilimchukia zaidi daktari au ile nafuu niliyotoka nayo mlangoni siku ile.

Wako mbwa ambao sindano hii haiwafai kabisa. Scottish Terrier na Shetland Sheepdog waliorithi ugonjwa kwa ukali wake wote hawana protini hii hata chembe. Seli zao hazina cha kutunza. Ufungue mlango utakavyo, ndani hamna kitu. Hao hutegemea damu ya mwenzao na basi. Na hata kwa yule mwenye akiba, huwezi kurudi kesho asubuhi na sindano ileile ukategemea jibu lilelile. Vibohari vimemwagwa, vinahitaji muda kujaa. Sindano ya pili huitikiwa kwa unyonge, ya tatu huenda isiitikiwe kabisa. Kwa hiyo ni dawa ya siku moja: ya jino bovu, ya kufunga kizazi, ya jeraha la waya wa seng'enge. Haimfai anayetaka kuishi kwayo.

Kuna jambo la mfukoni ambalo wahusika hulijua vizuri. Desmopresini ya sindano ni ghali. Ile ya matone ya puani, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu, ni nafuu, na ina mikrogramu 100 katika mililita 1. Madaktari wengi wa wanyama huinunua hiyo, huipitisha kwenye kichujio cha kuondoa vijidudu, na kuitia chini ya ngozi. Kwa Doberman wa kilo 30 ni mililita 0.3. Chupa iliyoandikwa pua ya binadamu huishia kwenye shingo ya mbwa, matone machache tu, katika sirinji nyembamba kuliko penseli. Napenda werevu huu wa jikoni katika taaluma ambayo watu hudhani inafanyika kwa mashine za kung'aa peke yake.

Sasa nije kwenye kinachonikera.

Doberman hakushuka na upungufu wake kutoka mbinguni. Ni mbwa aliyetengenezwa na watu wanaojulikana, katika mji unaojulikana. Karl Friedrich Louis Dobermann alikuwa mtoza kodi huko Apolda, Thuringia, Ujerumani, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mtoza kodi hapendwi popote, na huyu alitaka mbwa wa kutembea naye: mwepesi, mkali, mwaminifu kwa bwana mmoja. Akapandisha huyu na yule mpaka akampata. Alifariki mwaka 1894, wengine wakaendeleza kazi. Kutoka kwenye idadi ndogo ya mbwa ikatoka mbegu ya dunia nzima, na kila kizazi kilichofuata kilichaguliwa kwa mgongo, kwa kifua, kwa rangi, kwa jinsi anavyosimama mbele ya mwamuzi. Hakuna aliyechagua damu isiyoganda. Ilikuja imejificha nyuma ya kifua kizuri, ikapitishwa mlangoni kama mgeni wa mgeni. Uchunguzi uliofanywa Marekani miaka ya 1980 uliwakuta Doberman wenye kiwango cha chini cha protini hii kuwa wengi kuliko wasio nacho. Wengi wao hawatoki damu ovyo; wanaishi na kufa bila kuujua ugonjwa wao. Wengine hufia kwenye moyo unaotanuka, ambao nao ni urithi wa mbegu hiyo.

Na ulijulikanaje, kwa wale uliojulikana? Mara nyingi kwa kisu cha urembo. Ilikuwa desturi kumkata Doberman mkia akiwa na siku chache, na masikio akiwa na wiki kadhaa, ili yasimame kama ya shetani wa kuchorwa. Ujerumani ilikwisha kupiga marufuku mambo hayo. Mahali pengine yanaendelea. Basi kijibwa kingekatwa masikio, na damu isingekoma. Usiku kucha bandeji zingebadilishwa. Asubuhi mwenye nyumba angejua kwamba kitu alichokinunua kina kasoro. Nikilitazama jambo hili kwa ukaribu siwezi kuliona kasoro ya mbwa. Tumempunguzia akiba kwa kumchagulia wazazi, kisha tumemkata pasipo haja, kisha tumeshangaa.

Kule kwetu kuna mbwa wa kizungu na kuna mbwa koko. Mbwa wa kizungu ana cheti, ana jina la babu, ana kibanda. Mbwa koko ana jalala na mwaka wake mmoja mmoja. Hakuna aliyekaa kumchagulia mume. Ukoo wake umechanganyika kwa vizazi visivyo na hesabu, na mara nyingi kwa sababu hiyohiyo nakala mbovu ya jeni hukutana na nzima ikafunikwa. Sisemi kwamba maisha yake ni mazuri; nimeona yanavyokwisha, barabarani, ubavu ukiwa juu. Nasema tu kwamba yule ambaye hatukumtaka tulimwachia ghala lake.

Kipimo cha vinasaba kipo siku hizi. Brashi laini husuguliwa ndani ya shavu, ikatumwa maabara, likaja jibu: nakala mbili nzima, moja mbovu, au zote mbovu. Mbwa mwenye moja mbovu anaweza kuzaa bila kumdhuru mtoto ikiwa mwenzake ana zote nzima. Ni hesabu ya darasa la saba. Kwa hiyo kila kijibwa kinachozaliwa leo kikiwa na nakala mbili mbovu, mtu fulani alikuwa na nafasi ya kujua na akaona asijue, au alijua na akaona bei ya kijibwa isivurugwe. Desmopresini katika mkono wa mtu wa namna hiyo inanisumbua. Dawa inafanya upasuaji uwezekane; mbwa anafungwa jeraha, anarudi nyumbani, na kama bado ni mzima wa kizazi, mwaka ujao anapandishwa tena. Sindano imekuwa mshirika wa mfugaji bila kuulizwa.

Hata hivyo siwezi kuitupia dawa lawama. Kwenye kisiwa cha Guam kuna makaburi ya mbwa wa vita, 25 kwa hesabu, waliokufa katika mapigano ya mwaka 1944 wakiwa na wanamaji wa Marekani, na juu yake kuna sanamu ya Doberman amelala, masikio yamesimama. Wengi wa mbwa wa kikosi kile walikuwa wa mbegu hii. Walitangulia mbele ya askari usiku, wakanusa waliojificha, wakapigwa risasi kwa niaba ya watu. Nikimwona Doberman mezani leo, mdomo umepinduliwa, sioni kwa nini kosa la aliyempandisha baba yake limzuie kupata mikrogramu 30.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo naipenda kuliko zote, na haitajwi sana. Plazima inayowekwa mezani kwa tahadhari imetoka kwa mbwa mwingine. Mbwa mkubwa, mtulivu, mwenye damu iliyopimwa, huletwa, hukaa au hulala ubavu, shingo ikanyolewa kipande. Katika baadhi ya benki za damu, kabla ya kumtoa damu humtia yeye desmopresini na kusubiri. Ghala lake lililojaa linafunguka ndani ya mishipa yake mwenyewe, na damu inayotoka inakuwa nono zaidi kwa kile ambacho mwenzake hana. Yaani akiba ya mwenye nacho inafunguliwa kwa ajili ya asiye nacho, na mwenye nacho hajui. Baada ya hapo anapewa biskuti. Anatikisa mkia kwa biskuti.

Sijui nilipe jina gani tendo hilo. Sadaka inataka nia, na mbwa hakunuia. Kuporwa nako si neno lake, maana hakudhurika, na kesho vibohari vyake vitaanza kujaa tena. Labda lugha yetu haijahitaji neno la kitu kilichotolewa na asiyejua kwa ajili ya asiyemjua, kwa mikono ya mtu wa tatu.

Na deni haliishii kwa Doberman. Huko Chapel Hill, North Carolina, tangu mwaka 1947 Kenneth Brinkhous na waliomfuata wamefuga mbwa wenye ugonjwa wa damu isiyoganda, vizazi kwa vizazi, ili ugonjwa wa watu ueleweke. Mengi yaliyojaribiwa kwa watu wenye hemofilia, hadi tiba za kubadilisha jeni zilizoruhusiwa miaka hii ya karibuni, yalipita kwanza kwenye mishipa ya mbwa wa namna hiyo. Mtoto anayecheza mpira leo bila kuvimba goti ana mbwa nyuma yake ambaye jina lake hakuna anayelikumbuka. Wako wanaosema jambo hilo halikupaswa kufanyika kabisa. Nawasikiliza, na siwezi kuwajibu kwa kujiamini. Ninachoweza ni kukataa kusahau kwamba lilifanyika.

Nimekulia katika nyumba ambayo mbwa hakuvuka kizingiti. Mate yake yalikuwa na hukumu yake, chombo alicholamba kilikuwa na idadi yake ya kuoshwa, na mimi bado nikiguswa na pua ya mbwa huangalia nguo kwanza. Lakini katika nyumba hiyohiyo, mwalimu wetu wa chuoni alitusimulia mara nyingi, kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza, habari ya yule msafiri aliyeona kiu, akashuka kisimani, akanywa, akapanda na kumkuta mbwa anahema na kulamba udongo uliolowa. Akashuka tena, akajaza kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno ili mikono ipate kupanda, akamnywesha, na Mola akamshukuru akamsamehe. Mwalimu alipenda kusimama kwenye kile kiatu cha menoni. Alikuwa akikunja midomo kuonyesha.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu ya jambo dogo linalofuata sindano. Desmopresini haikusahau kazi yake ya kwanza. Figo nazo zimesikia hodi, na kwa saa kadhaa zitashika maji yote zinayopewa. Mbwa akiachwa anywe atakavyo, au akitiwa maji mengi mshipani, damu yake inaweza kuchujuka na chumvi yake kushuka mpaka akaanza kuyumba, au zaidi ya hapo. Kwa hiyo daktari mwangalifu hupima.

Doberman ameamka kutoka kwenye dawa ya usingizi. Ulimi umekauka, macho bado mazito, mshono ni mkavu na hauna damu. Amesikia mlio wa bakuli la chuma mahali fulani na amegeuza kichwa. Msaidizi amechuchumaa karibu naye, ana kikombe kidogo chenye alama za mililita, na anamimina kwenye bakuli kiasi cha kufunika kitako chake tu. Mbwa anayalamba yote kwa mara tatu, anaendelea kulamba chuma kitupu, kisha anamtazama.